Harold Gillies, munganga aliyejenga upya mataya ya askari

Leo, mtu aliyepoteza meno pamoja na mfupa wa taya anaweza kufika kwa waganga, wakamtoa kipande cha mfupa kwenye nyonga, wakakipandikiza ndani ya taya, na nyuma ya miezi kadhaa wakamuwekea meno mapya juu yake. Watu wengi wanafikiri ile ni kazi ya juzi, kazi ya kliniki za wenye franga nyingi. Lakini sehemu kubwa ya maarifa hayo ilipatikana zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa askari waliopigwa masasi na vipande vya mabomu usoni wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Jina linalotajwa mara nyingi katika habari hiyo ni la Harold Gillies. Haya hapa maisha yake.

Mtoto wa mwisho wa Dunedin

Gillies alizaliwa tarehe 17 Juni 1882 katika mji wa Dunedin, kusini mwa New Zealand. Alikuwa mtoto wa nane na wa mwisho. Baba yake aliwahi kuwa mbunge, na alikufa ghafla wakati Harold angali mtoto mdogo sana. Katika utoto wake Harold alivunjika kiwiko akichezea ngazi za nyumba yao. Mfupa ulipona vibaya, na ule mkono haukunyooka tena sawasawa mpaka kufa kwake. Hata hivyo, ndio mkono aliokuja kuutumia kupasua nyuso za maelfu ya watu.

Alivuka bahari kwenda Uingereza kusoma unganga katika chuo kikuu cha Cambridge, kisha katika hospitali ya St Bartholomew's ya London. Alikuwa mtu wa michezo: alipiga makasia katika mashindano makubwa ya Cambridge na Oxford mwaka 1904, na alicheza gofu kwa kiwango cha kuiwakilisha Uingereza. Mwaka 1911 alimuoa Kathleen Jackson, aliyekuwa muuguzi, wakazaa watoto wanne. Kazi yake ilikuwa masikio, pua na koo, na mkubwa wake alikuwa akitibu hata waimbaji wa opera. Njia ya maisha ya raha ilikuwa wazi mbele yake.

Mwaka 1914 vita ikaanza.

Vita iliyopiga nyuso

Katika ile vita askari walikaa miezi ndani ya mahandaki. Mwili ulifichwa na udongo, lakini kila mara mtu alipoinua kichwa kuchungulia, uso ndio ulikuwa wa kwanza kukutana na risasi. Kofia za chuma zilipokuja ziliokoa vichwa vya wengi, lakini hazikufunika taya wala pua. Kwa hiyo walipatikana watu wengi ambao zamani wangekufa palepale, na sasa walibaki hai bila kidevu, bila mdomo wa chini, bila meno.

Waganga wa jeshi hawakuwa wamezoea vidonda vya namna hiyo. Wengi walivuta kingo za ngozi, wakazishona pamoja ili tundu lizibwe haraka. Kwa macho ilionekana kama kazi imekwisha. Lakini ndani hapakuwa na mfupa, na ngozi ikikosa mfupa wa kuishikilia inajikunja inapopona. Kovu lilivuta uso upande mmoja, mdomo ukafungika, mate yakawa yanamwagika mchana na usiku. Mtu alibaki anakunywa tu vitu vya majimaji. Wengine walikufa polepole kwa kukosa chakula, au kwa uchafu ulioingia katika mapafu.

Gillies alifika Ufaransa mwaka 1915 pamoja na Msalaba Mwekundu. Huko Wimereux, karibu na bahari, alipewa kazi ya kumsimamia munganga wa meno mmoja, Charles Valadier. Sheria ya jeshi haikumruhusu munganga wa meno kupasua peke yake. Ilibidi daktari awe pembeni. Valadier alikuwa tajiri mwenye gari la Rolls-Royce, na ndani yake alikuwa ameweka kiti cha kutibia meno. Waliomcheka juu ya gari lake hawakuona kitu cha maana zaidi. Valadier hakutupa vipande vya mfupa wa taya. Alisafisha kidonda kwa maji mara nyingi, akahifadhi kila kipande kilichokuwa bado na uhai, na kujaribu kujaza palipokosa mfupa.

Kwa cheo, Gillies ndiye alikuwa msimamizi. Kwa kweli, yeye ndiye alikuwa mwanafunzi. Alionyeshwa pia maandiko ya Wajerumani, maadui wa wakati ule, ambao walikuwa wamekwisha kwenda mbali katika upasuaji wa taya. Kiisha akaenda Paris kumtazama Hippolyte Morestin, mzaliwa wa kisiwa cha Martinique, akitoa uvimbe mkubwa usoni mwa mgonjwa na kufunika tundu kwa ngozi ya jirani. Gillies aliporudi mara ya pili, Morestin alimkatalia mlango. Lakini kile alichokiona mara ya kwanza kilitosha kumbadilisha kazi.

Lebo za posta

Aliporudi Uingereza, Gillies aliwaomba wakubwa wa jeshi wafungue fasi maalum kwa waliojeruhiwa usoni. Mwezi Januari 1916 walimpeleka katika hospitali ya kijeshi ya Aldershot. Alihofia kwamba majeruhi wake wangetawanywa katika hospitali zingine zisizojua la kufanya. Basi akaenda dukani, akanunua kwa mfuko wake lebo za mizigo za pauni 10, akaandika juu yake anwani ya Aldershot na kuzituma mpaka Ufaransa ili zifungwe kwa majeruhi. Watu wakaanza kufika na zile lebo zimening'inia kwenye nguo.

Tarehe 1 Julai 1916 vita ya mto Somme ilianza. Walikuwa wametayarisha vitanda 200 zaidi. Walifika majeruhi karibu 2.000.

Mfupa kwanza, meno baadaye

Aldershot ndipo Gillies alipoanza kutumika na William Kelsey Fry, munganga wa meno aliyekuwa ametumika pamoja na askari katika mahandaki na kujeruhiwa yeye mwenyewe. Kelsey Fry alibeba kumbukumbu moja ambayo hakuisahau. Kule mbele alimsaidia askari aliyevunjwa taya, akamtembeza mpaka kwa wauguzi akiwa ameinamisha kichwa mbele, damu ikitiririka chini. Mtu alikuwa anapumua. Wauguzi kwa huruma wakamlaza chali juu ya machela. Muda mfupi baadaye alikuwa amekufa: ulimi usio na taya ya kuushika ulirudi nyuma, na damu ikaziba koo.

Kutoka hapo yeye na Gillies walisisitiza kwamba mwenye kuvunjika taya asilazwe chali. Akalishwe, ainame mbele, au alazwe kifudifudi, ili damu na mate vitoke nje. Somo hilo halikuhitaji dawa wala chombo, na lingali linafundishwa leo kwa watoa huduma ya kwanza.

Wale wawili waligawana kazi. Gillies alichukua nyama na ngozi. Kelsey Fry alichukua mfupa na meno. Siku zile madaktari wengi wa upasuaji waliwaona waganga wa meno kama mafundi wadogo. Gillies alikataa mawazo hayo, kwa sababu aliona kwa macho yake kwamba uso uliojengwa bila taya unaanguka. Ukitengeneza mdomo mzuri na chini yake hakuna kitu, baada ya wiki chache ule mdomo unazama ndani.

Kazi yenyewe ilienda kwa mpango. Kwanza walisafisha kidonda na kutoa vipande vya mfupa uliokufa, pamoja na meno yaliyokuwa yanaleta usaha. Vipande vyenye uhai viliachwa. Kiisha munganga wa meno alichukua alama ya meno yaliyobaki, akatengeneza kifaa cha chuma cha kuyashika, ili vipande viwili vya taya vikae katika fasi yake ya zamani na visivutwe na misuli. Palipokosa mfupa paliachwa wazi hivyo kwanza. Haikuwa uvivu: kama wangeruhusu zile ncha mbili zisogeleane, taya ingepona ikiwa fupi na imepinda, na meno ya juu na ya chini yasingekutana tena.

Halafu walingoja. Hapa ndipo wengi walishindwa. Kinywa kimejaa vijidudu, na wakati ule penisilini haikuwepo. Ilikuja kutumika kwa wagonjwa miaka ya 1940. Kipande cha mfupa kikiwekwa wakati kidonda kingali na uchafu, au wakati mate yanaweza kukifikia, kinaoza na kutolewa nje kama mwiba. Kwa hiyo ilibidi kwanza ngozi ya ndani ya kinywa izibwe kabisa na usaha uishe, na miezi ipite. Ndipo walimtoa mgonjwa kipande cha mfupa kwenye ubavu, kwenye mguu, au kwenye nyonga. Walikichonga kwa kipimo cha pengo, wakakiingiza kutokea nje, chini ya ngozi, bila kufungua kinywa.

Mfupa wa nyonga uliwapa matumaini makubwa. Ndani yake ni laini na una damu nyingi, kwa hiyo unashika haraka kuliko ule mgumu wa mguu. Nyonga pia ina umbo la kupinda, linalofanana na taya. Baada ya kuuweka, mataya yalifungwa yasitikisike kwa wiki nyingi. Kile kipande hakikubaki kama gogo lililokwama: mishipa midogo ya damu iliingia, mfupa wa zamani ukaliwa polepole, na mfupa mpya ukajengwa katika fasi yake. Ikienda vizuri, mgonjwa alipata taya yenye nguvu ya kubeba meno ya bandia, na kwa mara ya kwanza nyuma ya mwaka au zaidi alitafuna nyama.

Nyumba isiyo na vioo

Aldershot ilikuwa ndogo. Mwaka 1917 hospitali nzima ilifunguliwa Sidcup, karibu na London, kwa ajili ya nyuso tu. Ilipewa jina Queen's Hospital, na pamoja na nyumba zake za kupumzikia ilifikisha vitanda zaidi ya 1.000. Walikuja waganga kutoka Kanada, Australia na New Zealand. Kiongozi wa wale wa New Zealand alikuwa Henry Pickerill, aliyekuwa mkuu wa shule ya unganga wa meno kule Dunedin, mji aliozaliwa Gillies.

Ndani ya vyumba vya wagonjwa vioo vilikatazwa. Mtu alikuwa anaweza kuwa anapona vizuri, halafu akajiona mara moja katika kioo na kupoteza hamu ya kuishi. Nje, kwenye njia ya kwenda mjini, kulikuwa na viti vilivyopakwa rangi ya buluu. Wenyeji walijua kwamba anayekaa juu yake anaweza kuwa na uso wa kushtua, wajitayarishe. Viti vile vililinda wapita njia, lakini kwa aliyekaa pale vilikuwa pia alama ya kutengwa. Kuna wachumba waliovunja ahadi. Kuna baba waliorudi nyumbani na watoto wao wakawakimbia. Ndiyo maana pale Sidcup walifundishwa kazi za mikono wakati wa kungoja upasuaji mwingine: mtu atoke na taya, atoke pia na njia ya kupata chakula.

Gillies alimtumia pia Henry Tonks, daktari aliyegeuka kuwa mchoraji, achore nyuso kabla na baada ya kupasuliwa. Picha za kamera za wakati ule hazikuwa na rangi. Michoro ya Tonks ilionyesha ngozi ilipo na nyama ilipo.

Kosa la haraka

Gillies hakushinda kila mara. Mwaka 1918 alimpasua rubani kijana aliyeungua uso mzima. Alitoa ngozi kubwa ya kifua na kuihamisha usoni karibu yote kwa mara moja. Yule kijana alikuwa tayari amechoka kwa maumivu ya muda mrefu. Ngozi ikaoza, usaha ukaenea, naye akafa baada ya wiki chache. Gillies alijilaumu. Tangu siku ile alishika kanuni ya kugawanya kazi kubwa katika hatua ndogo, na kutofanya leo kile ambacho mgonjwa angefaidika kingefanywa baadaye. Wagonjwa wengine walipasuliwa mara 10, 20 na zaidi, kwa miaka.

Kabla ya hapo, tarehe 3 Oktoba 1917, alikuwa amegundua kitu kilichosaidia sana ile kazi ya hatua kwa hatua. Akiwa anampasua baharia aliyeungua katika vita ya Jutland, aliona kwamba kipande cha ngozi alichokiinua kutoka kifuani kinajikunja chenyewe. Akakishona kiwe kama bomba, upande mmoja ukiwa bado umeshikana na kifua na upande mwingine umeshonwa usoni. Ndani ya lile bomba damu ilipita bila kukutana na uchafu wa nje. Ngozi ikishashika, bomba lilikatwa na kufunguliwa. Munganga Vladimir Filatov wa Odessa alikuwa amefikia wazo hilohilo mwaka uliotangulia, bila mmoja kujua habari za mwenzake.

Shida nyingine ilikuwa dawa ya usingizi. Huwezi kumfunika mtu pua na mdomo kwa kitambaa cha dawa wakati pua na mdomo ndivyo unavyopasua. Mgonjwa alikuwa akitoa pumzi yenye dawa, na daktari mwenyewe anaanza kusinzia. Baada ya vita, Ivan Magill na Stanley Rowbotham walitengeneza palepale Sidcup njia ya kupitisha mpira mpaka ndani ya bomba la pumzi. Njia hiyo inatumika leo katika vyumba vya upasuaji vya dunia nzima.

Mpaka hospitali ilipomaliza kazi yake katikati ya miaka ya 1920, operesheni zaidi ya 11.000 zilikuwa zimefanywa kwa watu zaidi ya 5.000.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1920 Gillies aliandika katika kitabu kile alichojifunza, pamoja na yaliyoshindikana. Sifa za serikali zilichelewa: cheo cha Sir alikipata mwaka 1930. Katika vita ya pili ya dunia alisimamia tena hospitali ya kutengeneza nyuso na viungo, Rooksdown House, na kusaidia kupanga vituo vingine Uingereza. Binamu yake Archibald McIndoe, ambaye alimuingiza katika kazi hiyo, akawa maarufu kwa kutibu marubani walioungua. Mwaka 1946 waganga wa upasuaji wa aina hiyo Uingereza walipounda chama chao, Gillies ndiye alikuwa rais wa kwanza.

Alipenda utani na uvuvi, na hakuacha kucheza gofu. Mkewe Kathleen alikufa mwaka 1957. Mwaka huohuo akamuoa Marjorie Clayton, aliyekuwa msaidizi wake katika chumba cha upasuaji. Hakupumzika. Mwezi Agosti 1960, akiwa na miaka 78, alikuwa anampasua msichana wa miaka 18 aliyeumia mguu, ndipo damu iliganda katika ubongo wake. Alikufa tarehe 10 Septemba 1960.

Miaka mitano baadaye, katika mji wa Göteborg, Msweden Per-Ingvar Brånemark alimuwekea mgonjwa wa kwanza mizizi ya meno ya titani, madini ambayo mfupa unayakubali na kushikana nayo. Hayo ndiyo meno ya kupandikiza yanayotafutwa leo. Lakini titani haishiki hewani. Jino likitolewa na kuachwa miaka, mfupa wake unapungua. Na taya iliyovunjwa na risasi au kukatwa kwa sababu ya uvimbe inaweza kukosa mfupa kabisa. Hapo waganga wanarudi kwenye mpango uleule wa Aldershot na Sidcup: kusafisha kwanza, kuziba kinywa, kuweka mfupa, kuutuliza, kungoja miezi, na meno mwishoni. Munganga wa upasuaji na munganga wa meno wanapanga pamoja kabla kisu hakijagusa ngozi.

Michoro ya Tonks ingali imehifadhiwa London, katika chuo cha madaktari wa upasuaji wa Uingereza. Ndani yake wapo vijana wenye miaka 20 hivi: upande mmoja uso ulioporomoka, upande mwingine kidevu kilichorudi, kimepinda kidogo, chenye kovu, lakini kina mfupa ndani.